Mteja wa Dirisha la Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Kikao asubuhi. Mkuu wa ofisi yetu ya maji ametangaza kuwa ni marufuku kusema "nyie wa foleni". Kila anayekuja sasa ni mteja. Nilicheka kimoyomoyo. Mteja ni yule anayeweza kukuacha akaenda duka la pili. Hawa wataenda wapi, mawinguni? Mkuu akaongeza: mhudumu ambaye dirisha lake halitakuwa na foleni hadi Ijumaa atapandishwa cheo. Hapo nikaacha kucheka. Mimi niko dirisha la tatu; la pili yupo Meno Nje, anayemchekea kila mtu. Atanitambua!

Jumanne, 4 Machi
Mbinu nimeipata. Siinui kichwa. Ukiinua kichwa wanaeleza, wakieleza hawaondoki. Mkono unaingia na fomu, nagonga muhuri wa RUDI KESHO, anayefuata! Saa nne foleni kwisha. Meno Nje bado anasikiliza habari za mita ya mzee mmoja. Maskini.

Jumatano, 5 Machi
Safi kabisa. Fomu moja ilikuwa na muhuri wa jana, nikaongeza wa pili. Mwenyewe akashukuru kwa sauti ya chini. Kumbe watu wana adabu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwisha! Narudi nyumbani, mama mkwe yupo sebuleni, fomu mapajani. Mihuri mitatu. Yangu yote! Bomba lake limepasuka. Siku tatu anaomba maji kwa jirani, siku tatu anasimama mbele yangu, na miguu yake ile mibovu. Nikauliza kwa nini hakujitambulisha. Akajibu, macho chini, kwamba hakutaka kumwaibisha mkwe wake kazini. Halafu akaniomba radhi kwa usumbufu. Heri angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kaipeleka fomu mwenyewe. Dirisha la pili! Kanipita kama hanijui. Fundi alifika kwa mama kabla ya adhuhuri. Cheo kachukua Meno Nje: wateja wake hawakuwa na sababu ya kurudi, wangu wote walirudi, foleni hadi getini. Nami nilipiga makofi pamoja na wengine. Aibu hii sina pa kuiweka.

Jumatatu, 10 Machi
Nimejirekebisha. Nimekusanya picha za ukoo mzima wa mke wangu, nimezibandika chini ya kioo cha meza. Sasa nainua kichwa kwa kila mmoja, namtazama usoni vizuri, kisha natazama picha. Leo nimehudumia wateja wawili kwa unyenyekevu mkubwa: shemeji, na shangazi yake. Wale arobaini wengine hawamo pichani. Nimewagongea muhuri.