Tochi Yangu na Mishipa ya Afande Odyek

Jumatatu, 3 Machi 2014

Siku kubwa. Mke wangu Bibiane alichoka kunisikia nikilalamikia kichwa, akanipeleka mwenyewe kliniki ya macho, Nakasero. Nilikataa kwanza. Mimi Katembo nauza miwani sokoni Bukoto. Wateja wakisikia napelekwa kutibiwa macho watasemaje? Daktari Lamunu alinitia matone, akapiga picha sehemu ya nyuma ya jicho, akanionyesha kwenye kompyuta. Ajabu tupu. Duara jekundu, na mishipa imetambaa kama mizizi. Akasema hapo ndipo mishipa ya damu inaonekana bila kumpasua mtu, na ikiharibika hapo, huenda ya moyo na ubongo nayo inaumia. Yangu imekuwa myembamba. Akapima presha, akakuta iko juu. Akaendelea na mambo ya vidonge na chumvi, lakini mawazo yangu yalikuwa yameshafika Bukoto. Moyo unaonekana machoni! Na Afande Odyek, mpima presha wa mbele ya kibanda changu, hajui.

Matone yalikuwa bado kazini. Njiani nilisalimia sanamu ya dukani iliyovaa suti, nikidhani ni mchungaji wetu. Niliiuliza hata habari za watoto.

Jumanne, 4 Machi

Odyek ni polisi mstaafu. Kila asubuhi anaketi mbele ya kibanda changu na mashine ya kupimia presha, foleni mpaka barabarani. Kwangu nzi. Leo nimepata lenzi ya fundi wa saa. Tochi ninayo. Nimeandika kibao: NAUONA MOYO WAKO MACHONI. Bibiane aliuliza vidonge nitavifuata lini. Nikamweleza kuwa mtaalamu hana haraka. Akacheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi

Foleni imehamia kwangu! Nimechungulia macho tangu asubuhi. Ukweli, nauandika hapa tu: ndani sioni kitu isipokuwa tochi yangu ikimeremeta, na kwa mbali mtu mdogo mwenye kofia, ambaye ni mimi. Lakini watu wamesimama, lazima useme neno. Wote nimewapa moyo wa simba.

Mchana akaja Odyek. Akatangaza mbele ya watu kwamba Mkongo huyu anajitazama mwenyewe kwenye macho ya wenzake. Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nikamkalisha, nikammulika, nikatikisa kichwa polepole.

“Afande, mishipa yako imesinyaa. Nenda Nakasero leo.”

Hasira tu. Sikuona chochote. Akajifunga mashine yake mkononi, akawaonyesha watu namba: safi kabisa. Kicheko. Foleni ikarudi kwake yote.

Ijumaa, 7 Machi

Filda, mke wa Odyek, alinifuata kabla sijafungua kibanda. Hakuja kugombana. Alisema mzee anaamka na maumivu ya kisogo, na juzi kikombe kilimtoka mkononi. Watu wengine wote mzee alikuwa amewaficha. Maneno yangu yamemwogopesha, basi anampeleka kliniki, apende asipende. Akanishukuru. Mimi nikasema karibu. Wakimkuta mzima, nimekwisha. Wakimkuta mgonjwa, je? Nimeficha kibao nyuma ya magunia.

Jumatatu, 10 Machi

Odyek amerudi. Nilitaka kutorokea upande wa wauza ndizi, lakini alikuwa ameshanifikia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Filda ndiye aliyeeleza. Picha ilionyesha mishipa imebanwa, tena kuna vidoa vya damu. Presha ilikuwa juu mno wakamlaza hospitali papo hapo. Daktari alisema alikuwa anaelekea kupata kiharusi. Na mashine yake ni mbovu, inampa kila mtu namba nzuri. Ameizima, anazunguka akiwaambia wateja wake wote wakapimwe upya.

“Papa Katembo,” akaniuliza, “uliona nini kwenye macho yangu?”

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Kweli nilifungua.

“Mishipa,” nikasema.

Filda akanipa kopo la odii, yaani karanga na ufuta vilivyosagwa pamoja, tamu ajabu. Halafu akafikisha ujumbe wa Daktari Lamunu: niache kumulika watu, na mbona sijarudi kuchukua dawa?

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nilijimulika kwenye kioo. Sikuona kasoro. Nikamtangazia Bibiane kuwa nimepona. Alimwita Odyek, wakanishika huku na huku, nikapelekwa Nakasero kama mtu aliyekamatwa. Presha imepanda kuliko mara ile. Daktari alinisimamia mpaka nikameza kidonge. Hakupaza sauti. Alisema yeye mwenyewe, mwenye kamera na miaka ya shule, hamhukumu mtu kwa picha peke yake. Anapima presha, anapima damu, ndipo anasema. Odyek alisalimika kwa bahati, na bahati si kipimo. Niliinamisha kichwa. Nikaahidi kuacha tochi kabisa, na nilimaanisha.

Kisha akaeleza kwamba presha huharibu figo pia, na dalili mojawapo ni mkojo wenye povu.

Povu! Hilo halihitaji tochi wala lenzi. Mtu yeyote mwenye macho anaona. Nimemuuliza povu kiasi gani, hakunijibu vizuri, lakini nitajifunza kwa kuona. Bibiane amelala. Nimeshaosha chupa zote za nyumbani, na kesho Odyek anakuja kunisaidia kupanga foleni.