Jicho la Kulia la Mwona Mwezi

Jumamosi, Shaabani 12. Koboko.
Imamu Hamdani ameharibu mambo. Baada ya alasiri ametangaza kwamba mwaka huu mwezi wa Ramadhani hautakubaliwa kwa maneno matupu ya wazee wawili. Atakayeuona ataelekeza kidole mpaka imamu mwenyewe auone.
Miaka mitatu mfululizo mimi, Asuman, nimekuwa wa kwanza pale juu ya jiwe la kutazamia mwezi. Mzee mwenzangu Sulaimani huwa wa pili na inamuuma. Mimi nasema ule pale, yeye anasema naam, ule pale. Watu wanafunga. Hakuna aliyelalamika.
Shida iko ndogo. Miaka mitatu hiyo sijaona mwezi. Hata jiwe sijaliona, nalipanda kwa kupapasa. Hii iko siri yangu na Mungu. Na Asiya mke wangu, kwa sababu juzi nilimsalimia mbuzi wa jirani nikamwuliza habari za watoto.

Jumatano, Shaabani 16. Arua.
Hospitali. Majirani nimewaambia nakwenda matanga ya mjomba wake Asiya. Asiya anasema mjomba wake mzima, analima Midia. Nimemwambia Midia ni mbali, nani atajua.
Nesi Candiru aliuliza naona vidole vingapi. Nikajibu vitano, kila mkono una vitano. Akasema ameinua kalamu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikamwambia nina watoto tisa, huyu wa kumi sikumwita. Hakucheka. Kesho jicho la kulia, la kushoto baada ya Idi.
Nimemwuliza kama mtu aliyekuwa askari anahitaji ganzi. Anahitaji. Sawa.

Ijumaa, Shaabani 18. Awindiri, hapa hapa Arua, kwa Jamilah, mpwa wa Asiya.
Walipasua jana. Haikufika nusu saa. Nesi anasema nilimshika mkono mpaka kucha zikaingia. Iko na ngozi laini huyo.
Leo wamefungua bendeji. Nimeona mambo mengi ambayo sikuyaomba. Kanzu yangu nyeupe ni rangi ya chai. Asiya amezeeka. Nilimwambia. Akasema yeye ananiona mimi kila siku na amenyamaza. Daftari hili, mistari ya Jumatano imepanda juu ya ile ya Jumamosi.
Masharti: matone mara nne kwa siku. Maji yasiingie jichoni. Nisibebe kizito. Nisiiname. Nikauliza, na kusujudu je? Nesi akasema uswali kwenye kiti, mzee. Mimi kwenye kiti, mbele ya Sulaimani.

Jumatatu, Shaabani 21. Koboko.
Miwani nyeusi nimesema ni zawadi kutoka Juba. Kiti cha kuswalia nimesema ni sababu ya goti. Goti bovu halimwaibishi mtu, askari wote wanalo. Jicho ni habari nyingine. Nikikiri limepasuliwa, watauliza lilikuwa bovu tangu lini, na saumu za miaka mitatu zitaniangukia mimi kichwani. Kiti changu cha mwona mwezi kwisha.

Ijumaa, Shaabani 25.
Nilikwenda msikitini nikichechemea vizuri sana. Sulaimani akasema mbele ya watu, Mzee Asuman, vijana wanasema Jumatatu goti bovu lilikuwa la kushoto. Nikamjibu ugonjwa ukipata mutu mkubwa unatembea. Watu wakacheka, nikadhani nimeshinda.
Kumbe alikwenda kwa imamu na sura ya huruma. Maskini Asuman, kwa goti lile jiwe hataliweza, mwaka huu abaki chini alinde viatu. Imamu amekubali. Nimefukuzwa kwa ajili ya goti zima.
Asiya anasema niseme ukweli tu. Anasema huku akinitia matone. Mawili yameingia sikioni.

Jumanne, Shaabani 29.
Goti limepona saa kumi na moja jioni. Nikapanda jiwe mbele ya vijana.
Jua likazama upande wa Kongo. Sulaimani akawahi: ule pale! Imamu akafuata kidole chake mpaka macho yakatoa maji. Vijana wakafuata. Wapi, mzee? Pale. Pale wapi? Kidole kikaanza kuhama.
Nikavua miwani. Chini kabisa palikuwa na kitu chembamba kama ukucha uliokatwa. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mdogo hivyo. Nikasema ule pale.
Imamu akauona. Watu wote wakauona. Takbira. Kiti kimerudi kwangu. Imamu akaniuliza kando, mbona mwaka jana ulielekeza kwenye barabara ya Arua? Nikamwambia mwezi haukodi chumba kimoja.

Ijumaa, Ramadhani 3.
Sulaimani amekuja kwa mlango wa nyuma. Akasema polepole: ndugu yangu, miaka mitatu yote nilisema naam kwa sababu wewe umesema. Mimi naona moshi. Mwaka huu nikasema nikuwahi kwa kubahatisha. Tangu jana ngazi ya nyumba yangu siioni. Naogopa. Miwani ile si ya Juba, wewe umetibiwa wapi?
Kumbe nilipokuwa namtegemea yeye, yeye alikuwa ananitegemea mimi, na Koboko nzima nyuma yetu.
Nikamwambia sijatibiwa popote. Babu yangu alitoka Sudani akiwa anamwona adui kabla adui hajaamka. Haya ni mambo ya damu. Yeye ale mboga, na jioni ya mwezi wa Idi asimame karibu na bega langu, aseme naam kama zamani. Alinishukuru sana. Wakati wa kutoka aliiomba radhi nguzo ya mlango.
Mchana nesi Candiru akapiga simu. Jicho la kushoto niandikiwe tarehe gani? Nimemwambia asijisumbue. Mwezi iko mmoja, jicho moja linautosha.