Pampu Mvivu ya Mutwiri

Jumatatu, 3 Februari 2025

Shajara sijui inaanzwa vipi. Kitu nilifundishwa kabla ya kutoka shule ni barua, kwa hivyo naanza na salamu. Salamu kwa mzee wangu Gitobu huko Kangeta, ambaye tangu nifike Embu hajapiga simu kuuliza kama nimekula. Amepiga kuuliza jembe liko wapi. Salamu kwa Kananu, kitinda mimba wangu, na mumewe ambaye leo sitamtaja. Salamu kwa ng'ombe wote wawili na yule mbuzi wa kelele. Salamu kwa Mutwiri mwanangu na Joyline mkewe, walioenda harusi Kisumu wakaniachia nyumba yao hapa Embu, mtaa unaoitwa Dallas. Salamu kwa mtoto aliye tumboni mwa Joyline, anayekuja mwezi wa nne. Salamu hata kwa Alice wa Siakago, mamake Joyline. Mimi ni Mkristo.

Mkiwa wazima wote, sasa maneno.

Huyo mtoto akizaliwa, nyanya mmoja atakuja kukaa hapa kumlea. Chumba ni kimoja. Nyanya ni wawili, mimi na Alice. Mutwiri hajasema kwamba kuachiwa nyumba ni mtihani. Lakini mama anajua mtihani akiuona.

Na mtihani wenyewe ni bwawa la kuogelea. La maji ya chumvi! Mtoto wa Kangeta! Pampu ina vitufe vitatu. Mutwiri alinieleza kama mtu anayeongea na kiziwi: moja ni mwendo wa chini, iache izunguke mchana kutwa. Tatu ni ya nguvu, ni ya kunyonya uchafu ulio chini, ukimaliza unarudisha moja. Ati kuna mashine inayogeuza chumvi kuwa dawa ya maji, na hiyo dawa inatengenezwa maji yakiwa yanapita tu. Nikasema ndiyo, ndiyo, safari njema.

Walipotoka nikaisikiliza hiyo namba moja. Mmmmm. Mmmmm. Mchana kutwa! Huyo ni kibarua ameegemea jembe. Mimi nimesimamia vibarua wa miraa tangu Mutwiri akiwa mgongoni. Kwetu kibarua anapanda mti alfajiri, anachuma kwa nguvu, saa sita anapewa githeri, anaenda kwake. Nimebonyeza tatu.

Jumanne, 4 Februari

Sasa hiyo ndiyo kazi! Maji yanaruka mpaka yanapiga ukuta. Mithika, askari wa lango, amekuja mbio akauliza kama kuna ndege inatua. Nikamwambia pampu imepata msimamizi. Akasema mama, hiyo inalia. Nikamjibu kwamba kila mtu akifanya kazi hulia, yeye ndiye hajawahi kusikika.

Saa sita nikaizima. Imefanya zamu yake.

Alice amepiga simu kutoka Siakago "kusalimia tu." Amesalimia, kisha akauliza bwawa linaendeleaje. Kusalimia! Nikamwambia maji ni meupe hata malaika angeona haya kuingia na miguu michafu.

Jumatano, 5 Februari

Maji yamekuwa kama ya kuosha mchele. Sijalala vizuri. Nimefikiria mpaka nikapata jibu: ni kukorogwa. Uji ukiukoroga, chini huoni kitu. Ukiuacha, unatulia. Kwa hivyo nimezima pampu kabisa, apumzike. Mutwiri hakunifundisha hilo. Amesoma mpaka chuo kikuu, lakini uji ni mimi nilimpikia.

Ijumaa, 7 Februari

Yametulia. Yametulia yakawa kijani.

Mithika ameyatazama akasema yanafanana na maji ya kuchemsha sukuma wiki. Nikamwambia arudi langoni. Akauliza aongeze kitunguu?

Halafu Mutwiri naye, siku zote yuko bize, leo ana nafasi. Ati Mum, nitumie picha ya bwawa nimwonyeshe Joyline. Nikamwona Alice na masanduku yake anaingia kile chumba. Nikamwona ameshika mjukuu wangu, anamwimbia kwa Kimbeere, lugha yao ya Siakago.

Nikachukua karai la bluu la kufulia. Nikalijaza maji ya mfereji, nikapiga picha kwa karibu. Maridadi! Hata jua lilitokea vizuri ndani yake. Nikatuma.

Akajibu maji ni safi sana, hongera Mum. Kisha akauliza mbona bwawa lina mshikio.

Nikamwambia simu yangu inazima.

Jumamosi, 8 Februari

Alice amefika. Bila kualikwa, na kilo nyingi za ndengu, kana kwamba Embu hakuna chakula. Tumekumbatiana sana. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Akasimama. Akajifunga leso upya, vile mtu hufanya akiwa amefurahi.

Akaniuliza, "Mama Mutwiri, mmeanza kufuga samaki lini?"

Nikamwambia yeye anatoka mahali pakavu, maji mengi yanamshtua. Akasema ndiyo, huko kwao maji ni machache, ndiyo maana hawayaozeshi.

Sasa akawa fundi! Akasema pampu haipigwi, inabembelezwa. Akawasha namba moja. Alipoingia kupika ndengu zake nikabonyeza tatu. Akatoka, akarudisha moja. Nikamwambia jikoni kuna harufu ya kuungua. Akakimbia, nikabonyeza tatu. Akanirudia na mwiko mkononi. Moja. Tatu. Moja. Tatu. Mithika alileta kiti.

Mwishowe pampu ikasema *kuuu*, ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza kabisa. Nikamwambia umemuua. Akasema ameikuta mahututi. Na ndengu zimeungua kweli, Mungu ni mwema.

Jumapili, 9 Februari

Wamerudi. Tulisimama mlangoni tukiwa tumeshikana mikono, mimi na Alice, tukitabasamu kama picha ya kampeni. Nilikuwa nimefunika bwawa na shuka. Shuka mbili. Moja ilizama.

Mutwiri alitazama muda mrefu. Chura akaruka kutoka kwa shuka iliyobaki akaingia majini. Joyline alicheka mpaka akashika tumbo, na sisi wawili tukapiga mayowe tukidhani mtoto anakuja. Alisema hapana, ni kicheko tu.

Hakuna aliyetugombeza. Hiyo ndiyo ilinichoma. Mutwiri alimpigia fundi simu, pampu ikaamka, dawa ikamwagwa. Sasa mwendo na saa zake anaviweka kwa simu yake, na vile vitufe vimefungiwa ndani ya sanduku la kufunguliwa kwa namba ya siri.

Kisha akatuita. Nikashika kiti. Akasema mwezi wa nne hatachagua nyanya. Mmoja akiachwa peke yake ni hatari. Tutakuja wote wawili, kila mmoja amchunge mwenzake. Chumba ni kile kile. Atanunua kitanda cha deka, kama cha watoto wa bweni.

Nililia. Alice pia alilia. Kisha tukaulizana nani atalala juu.

Jumatatu, 10 Februari

Asubuhi naona chini ya bwawa! Pampu inaenda mwendo wa chini, mmmmm, mmmmm, tangu jana bila kusimama. Kila mtu anamsifu fundi.

Lakini mtu mwenye akili atajiuliza: hiyo nguvu ya kwenda bila kusimama imetoka wapi? Si kwa ile likizo nilimpa Jumatano! Alipumzika, akapona. Fundi amekuta nimeshamaliza kazi. Nimemweleza Alice, akasema hapana, ni kule kubembeleza kwake. Huyo mwanamke hafundishiki.

Na sasa kibarua ameshashiba usingizi. Ni wakati wa kumrudisha juu ya mti. Nimemwandikia Mutwiri ujumbe, ndio huu:

Mutwiri mwanangu, habari ya kazini, msalimie kila mtu huko. Sisi tuko wazima. Nitumie namba ya siri ya pampu, nataka kuitazama tu. Jibu haraka sana, Alice yuko bafuni.