Mama Salma Asiyemjua Salma

Jamani, leo nimeadhirika ndani ya basi, na aibu yenyewe nimejitafutia.

Baada ya masomo wazazi tuliitwa shuleni. Mwalimu akatueleza kwamba ubongo wa kijana bado unajengwa, hasa ile sehemu ya kuishi na watu, ndiyo maana macho ya rafiki zake humuwasha kuliko pilipili. Tusiwaaibishe! Nikaitikia kwa kichwa kila neno (nilikaa mstari wa mbele, ningefanyaje?).

Salma wangu ana miaka kumi na minne. Tangu ahamie shule hii anakula peke yake. Leo ndiyo mara ya kwanza wasichana wa darasa lake kumwita akae nao kwenye basi. Tukiwa kituoni akanivuta pembeni.

"Mum, please. On the bus, you don't know me."

Nikakubali kujifanya simjui. Si mimi mama wa kisasa! Wao wakakaa nyuma, mimi mbele, nikikodolea macho maduka ya Stratford Road, huku ughaibuni, kama nimeshuka uwanja wa ndege jana.

Mara akapanda Bi Kulsum, jirani yangu, Mhindi wa Kisumu mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Mama Salma! Na yule kule nyuma si Salma?"

Basi zima likageuka. Nikakumbuka ahadi.

"Salma yupi? Simjui."

"Humjui? Si wewe Mama Salma?"

"Ndiyo."

"Sasa mama wa Salma gani?"

(Nikatabasamu tu.)

Lile tabasamu ndilo lililoniponza. Bi Kulsum akanishika mashavu. "Wewe, leo ni siku gani?" Kwa kuchanganyikiwa nikasema Jumapili. Ni Jumanne.

"Driver, simamisha! Huyu mama ni sick! Hajui mtoto wake!"

Basi likasimama. Dereva akaja mpaka nyuma, akamuuliza Salma kama mimi ni mama yake. Wallahi nilimwomba Mungu mtoto anikubali. Salma akawatazama rafiki zake, akanitazama mimi.

"Don't know her."

Bi Kulsum akajishika kichwa. "Ya Allah! Wote wawili!"

Salma akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, akakiri kwamba mimi ni mama yake. Wenzake walicheka mpaka machozi, na wamemwambia kesho watamwekea kiti wakati wa kula.

Mimi niko kitandani kwa amri ya Bi Kulsum, ambaye haamini kwamba nimepona. Msicheke. Niambieni tu leo ni siku gani, namsikia anapanda ngazi tena.