Azimio la Kumshinikiza Rhobi

Ofisi ya kata inawatangazia wananchi wote kwamba katika kata yetu uhalifu haufanyiki kienyeji. Kila jambo hupitia kikao.

Jumanne tuliketi wajumbe saba. Mwenyekiti alikuwa diwani wetu, Mheshimiwa Nchagwa, nami Mtendaji wa Kata nikawa katibu. Ajenda ilikuwa moja: kumshinikiza Rhobi, mtendaji wa kijiji, aghushi saini za wanakijiji themanini eti walioridhia malisho yao apewe mwekezaji. Wanakijiji hawakuwa wameridhia. Hawakuwa hata wameulizwa, lakini hiyo ni changamoto ya mchakato.

Rhobi aliingia, akatuamkia.

"Mama, kalamu hii hapa," Mheshimiwa alisema.

"Hiyo ni jela, Mheshimiwa. Na ng'ombe wa watu watakula wapi?"

Nikaandika: shinikizo la kwanza halikuzaa matunda.

"Basi kazi huna. Usituletee za kuleta hapa," Mheshimiwa alisema.

Rhobi analea watoto watatu peke yake. Tulilijua hilo, ndiyo maana tukalitumia. Akaichukua kalamu.

"Sawa, nitaandikia nyumbani," alisema. "Ila muweke kwenye muhtasari kwamba nimekataa, mkanitisha."

Lilikuwa ombi la kiutumishi kabisa. Nikaliandika, wajumbe wakasaini, nikagonga muhuri na kumpa nakala, maana mwalikwa ana haki ya nakala. Akaondoka nayo, akapanda basi la kwenda mjini Mugumu, akashukia polisi.

Mahakamani wakili wetu, Bwana Faridu, alijitahidi sana. Alisema hatukughushi hata saini moja. Hakimu akajibu kwamba anayemshinikiza mwenzake atende kosa ana hatia yake, hata mwenzake akikataa. Kisha akanigeukia. Je, muhtasari ule ni wa kweli?

Miaka kumi na tisa naandika mihtasari, na hakuna uliowahi kurudishwa urekebishwe. Mheshimiwa akaniinamia sikioni.

"Mura, ndugu yangu, sema ni wa uongo. Ukikataa, mimi na wewe tutaonana, na kazi huna."

Nilimtazama Rhobi pale kwenye benchi la mashahidi. Niliona aibu, nakiri. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Hakimu, muhtasari ni wa kweli. Na naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hivi sasa nashinikizwa niseme uongo."

Hakimu akashika kalamu, akauliza nani ananishinikiza.

Nikamtaja, jina na cheo.