Ndiva ya Barua Pepe

Jumatatu, 4 Machi 2002

Barua ya Mama Justa imerudi tena! Kompyuta ya mnunuzi wa Nairobi inasema haimtambui aliyeituma. Hainitambui mimi! Nicolaus, mtu wa kwanza hapa Same kuwa na ofisi ya barua pepe na seva yake mwenyewe! (Shamba la mkonge lilipobinafsishwa, mimi nilipunguzwa, kompyuta yao ikanadiwa, nikainunua. Tulitoka pamoja.)

Jambo si dogo. Mama Justa ni mwenyekiti wa wakulima wa tangawizi kule mlimani. Magunia yamejaa stoo, yanasubiri. Mnunuzi anataka bei kwa maandishi kabla ya Alhamisi jioni, la sivyo atanunua kwingine, na tangawizi itabaki kwa walanguzi wa stendi. Nimemwapia Mama Justa kwamba faksi imepitwa na wakati. Isitoshe, yeye ndiye mama yake Brightness, na Pasaka hii nataka kupeleka posa.

Nimempigia Yona, fundi wa kampuni ya mtandao ya Moshi. Kasema vijiseva kama changu haviaminiki huko duniani. Barua zote ninazotuma nizipitishe kwenye kompyuta yao kubwa, hiyo ndiyo izifikishe. Vijiseva! Nimekubali, lakini imeniuma.

Jumanne, 5 Machi

Mama Justa kateremka mjini. Nikampa shikamoo ndefu, ya mkwe. Nikamweleza mpango: kompyuta ya Moshi ni kama ndiva, lile bwawa la kumwagilia la kule kwao. Maji ya vijito yanakusanyika humo usiku, asubuhi kizibo kinazibuliwa, mfereji unayafikisha shambani. Kaelewa upesi mno. Kauliza, kwenye ndiva yangu anayesimamia zamu ni nani? Nikamjibu kwamba kwenye mtandao hakuna zamu, hizi ni enzi za soko huria. Kaguna.

Alipoondoka nikaingia kazini. Nikaandika jina la kompyuta ya kupitishia, nikawasha seva upya. Barua ya majaribio ikatoka kwangu, ikaja kwangu, ikatoka, ikaja. Nilikuwa nimeandika jina la seva yangu mwenyewe! Kosa la mtu anayejiamini. Nikaweka jina la Moshi, na paswedi. Ikafika! Nilipiga kelele hadi Jenifer, mpinzani wangu mwenye faksi ng'ambo ya barabara, akachungulia.

Yona kanionya. Kwenye mipangilio ya seva kuna mstari wa kuandika wanaoruhusiwa kupitisha barua kwangu, eti niandike kompyuta za chumbani mwangu tu. Roho mbaya! Na ofisi za Hedaru je? Za Mwanga? Nikiwafungulia watu, Upare nzima itapita kwangu na faksi ya Jenifer itakuwa kabati la vyombo. Nimeandika: wote.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Nimefungua ofisi asubuhi nikakuta barua zinapita kwa maelfu. Taa ya modemu haipumziki. Sijatangaza popote, lakini habari zimeenea! Majina ya wateja ni magumu kidogo, mengine hata siwezi kuyatamka. Watalii, bila shaka.

Nimebandika kibao: KITUO KIKUU CHA BARUA PEPE. Nimekielekeza dirishani kwa Jenifer.

Mama Justa kaleta bei waliyokubaliana kikundini. Tumeichapa, nimebonyeza. Nimemwambia hivi sasa iko Nairobi, aende akalale usingizi.

Alhamisi, 7 Machi

Mnunuzi kimya. Nimechungulia foleni. Barua ya Mama Justa ipo palepale! Imekaliwa na barua za dawa ya upara, dawa ya nguvu za kiume, na mtoto wa mfalme fulani anayetafuta mtu mwaminifu. (Huyo nimemjibu.)

Yona kapiga simu, kafoka. Matapeli wa dunia nzima wameukuta mlango wangu wazi, wanapitisha uchafu wao kwangu, mimi naupeleka kwake, sasa kampuni yao yote inakataliwa. Wamenifungia. Nikamwambia anaona wivu kwa sababu nina wateja wengi. Kakata simu.

Nikageuka. Mama Justa mlangoni! Kauliza kwa upole kama imefika. Nikasema iko kwenye foleni. Kauliza zamu yake ni lini. Kachukua karatasi yake, kavuka barabara. Faksi ya Jenifer ikalia mara moja tu. Kabla ya jioni jibu lilikuwa limerudi: mnunuzi kakubali, lori linakuja.

Jenifer kaniletea soda ya pole. Nimeinywa. Nina huzuni na aibu. Naogopa nimempoteza Brightness.

Jumamosi, 9 Machi

Nimesamehewa! Jana pembe lilipulizwa kule mlimani kuita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope la ndiva, na Mama Justa kaniita kwa jina. Mtu hamwiti mgeni kuzoa tope. Nikazoa mpaka jioni mbele ya macho ya Brightness. Kizibo kikarudishwa, usiku maji yakajaa.

Leo asubuhi Mama Justa kaniachia kizibo nikilinde wakati anakagua mfereji. Zamu ni ya shamba lake, nisimfungulie mwingine. Mara wakaanza kupita watu na majembe, mmoja mmoja, wenye heshima. Huyu baba mdogo wa Brightness. Yule shangazi. Wote wanaomba kidogo tu. Ningewanyima wakwe zangu? Nikawafungulia wote.

Mama Justa aliporudi, ndivani walikuwamo vyura tu. Hakunifokea. Katazama lile tope, kasema sasa ameuelewa mtandao. Brightness kacheka. Kwa hiyo ananipenda.

Njiani kurudi Same nimetafakari sana na kosa nimeliona. Ndiva ni ndogo. Na kompyuta ya Moshi nayo ni ndogo. Jumatatu naingia mkataba na kampuni ya Arusha, wana kubwa zaidi. Ule mstari wa wanaoruhusiwa siugusi, uko sawa kabisa.