Mdahalo Huru na Kahawa Isiyotosha

Jumatatu, 2 Machi

Shajara, niwie radhi. Tangu Krismasi sijakuandikia. Sikuwa na adui. Leo ninaye. Mwanachuo Alistidia, binti wa mkulima wa Kimwani, amemwambia Mkuu wa Chuo, Mama Kokugonza, kwamba katika somo langu la Uraia mna maoni ya aina mbili: ya chama changu, na ya makosa. Uzushi! Mama Kokugonza ataketi darasani Ijumaa. Akiona ni kweli, somo anapewa mwalimu mwenzangu Buberwa. Buberwa, ambaye wanafunzi humkatiza naye akawashukuru! Somo hilo silitoi.

Jumanne, 3 Machi

Nimepata dawa: mdahalo huru. Mada: "Mwalimu aache chama chake mlangoni." Mwenyekiti mimi, mwamuzi mimi. Kuunga mkono nimempa Gozbert, kijana ambaye tangu asajiliwe hajasema neno. Kupinga nimeipa safu nzima ya mbele, wote wanachama wenzangu. Alistidia: msikilizaji. Nikatangaza kwamba kila mtu yuko huru kusema lolote, mradi hotuba zipite kwangu kwanza. Alistidia akauliza kama uhuru huo utarudishwa umesahihishwa. Darasa likacheka. Nikamjibu kwamba itategemea mwandiko.

Alhamisi, 5 Machi

Hotuba nimezipitia. Ya Gozbert imebaki salamu na shukrani. Inatosha.

Nikamwomba mke wangu Jovita kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Marehemu baba alishikilia kwamba mgeni aliyetafuna kahawa yako hakusemi vibaya chini ya paa lako. Jovita akauliza kama huo ni ukarimu au ni kizibo. Hajasomea siasa.

Ijumaa, 6 Machi

Aibu! Niligawa kahawa kuanzia safu ya mbele. Nilijaza viganja kwa moyo mkunjufu. Ikaisha kabla ya kumfikia Alistidia. Akasimama.

"Tata," akasema, akiniita baba kwa adabu ya kuudhi, "kwetu asiyepewa kahawa si mgeni. Basi mimi sikufungwa mdomo."

Akasema yote. Nikawatazama watetezi wangu. Midomo imejaa! Walitafuna tu, wakinitazama kama mbuzi. Kisha Gozbert, Gozbert yule, akatema kahawa yangu kiganjani, akaikunja hotuba niliyoisahihisha, akazungumza hadi kengele ikalia. Nikapiga meza: "Kimya! Huu ni mdahalo huru!"

Mama Kokugonza alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

Jumamosi, 7 Machi

Buberwa amefika nyumbani Nshambya kunipa pole. Akauliza ninaketi kiti gani darasani, kile chenye mto au kingine. Nilimwonyesha lango. Mama Kokugonza anasema atawasikiliza kwanza wanachuo wote, nami baadaye. Wote! Na mimi baadaye!

Kosa nimelijua: kahawa ilikuwa kidogo. Nimemwagiza shemeji yangu wa Kashozi gunia zima.

Uamuzi ukitoka, nitauandika humu, shajara, ukiwa wa haki. Ukiwa wa upande mmoja, humu hauna nafasi.